Anayemuuguza Mama Nyumbani Anakaguliwa na Nani?

Kidonda kile kilijulikana kwa harufu kabla hakijaonekana kwa macho. Ilikuwa alasiri ya Ijumaa, nami nimetoka msikitini moja kwa moja kwenda kumjulia hali mama kama nilivyozoea. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, pazia limefuliwa, udi umefukizwa, na mama amelazwa chali juu ya shuka jeupe, amefunikwa kanga mpya hadi kifuani. Nilipoinama kuubusu mkono wake nikasikia harufu nyingine chini ya ile ya udi. Nikamwita dada yangu mkubwa. Tulipomgeuza mama ubavu, juu kidogo ya mfupa wa mkia tukaona shimo ambalo kidole gumba kingeweza kuingia.

Hiyo ilikuwa wiki ya tisa tangu apatwe na kiharusi kilichomwondolea nguvu za upande wa kulia pamoja na sehemu kubwa ya maneno yake. Hakuweza kutuambia kwamba anaumia. Binti aliyekuwa akimhudumia tulimpata kwa wakala mmoja wa hapa jijini, ambaye alituhakikishia kuwa amesomea kuuguza wazee. Hatukuuliza amesomea wapi, kwa muda gani, wala ni nani aliyempa cheti. Tuliuliza mambo mawili tu: mshahara wake ni kiasi gani, na je, anaswali? Alikuwa anaswali, tena kwa wakati, na alimpenda mama. Kila siku alimwogesha, akampaka mafuta, akambadilisha nguo. Kisha akamwacha amelala chali kutwa nzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu asiyeweza kujigeuza ni lazima ageuzwe.

Nimekaa na habari hii muda mrefu kabla ya kuiandika, kwa kuwa inatuaibisha sisi watoto kuliko inavyomwaibisha binti yule. Tulikuwa watoto watano. Kila mmoja aliingia chumbani mle mara kadhaa kwa wiki, akaketi kando ya kitanda, akasoma dua, akatoka. Hakuna aliyeinua shuka.

Nyumba isiyo na mkaguzi

Mgonjwa anapokuwa wodini, kuna mtu wa kuulizwa. Muuguzi anayemchoma sindano amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni yake inaweza kudaiwa. Zamu moja inapoondoka huikabidhi nyingine, na lililofanyika huandikwa kwenye faili. Hata mama lishe aliye nje ya geti la hospitali hupitiwa na bwana afya, akatazamwa kucha na kufunuliwa masufuria. Kisha mgonjwa anaruhusiwa. Anapandishwa kwenye teksi akiwa hawezi kukaa sawasawa, na mfuko wa dawa wenye maandishi ya haraka haraka. Na kuanzia kizingiti cha nyumba yake hakuna tena anayemuuliza mtu yeyote jambo lolote.

Huko ndani, kazi iliyokuwa ikifanywa na wauguzi wa zamu tatu hukabidhiwa mtu mmoja. Mara nyingi ni binti wa kazi aliyeletwa kutoka mkoani kwa ajili ya kupika na kufua, akaongezewa mgonjwa bila ya kuongezewa mshahara. Wakati mwingine ni mke wa mtoto wa mwisho. Wakati mwingine ni mjukuu aliyefeli mtihani na ambaye, kwa maneno ya wakubwa wa ukoo, “yupo yupo tu”. Siku hizi wapo pia mawakala wanaotoa wahudumu wa wazee kwa malipo ya mwezi, na miongoni mwao wamo wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu na ujuzi. Lakini neno “mhudumu” peke yake halikuambii kama huyo aliyeletwa alikaa chuoni miaka mitatu au alielekezwa juzi sebuleni kwa wakala.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Sisi Waislamu hatukusubiri sera. Surat al-Israa, katika aya ya 23 na ya 24, imekwisha kumtaja mzazi anayefikiwa na uzee akiwa kwa mwanawe, na kila mtoto wa madrasa anazijua aya hizo. Ninachokiona, nikianzia nyumbani kwetu, ni kwamba tumeichukua amri ile kuwa ni ya moyo na ya ulimi. Hatukumwambia mama neno la kumkera hata siku moja. Mgongo wake hatukuutazama.

Wala si kweli kwamba huduma ya nyumbani yenye utaratibu ni jambo geni kwetu. Wenye umri wanaikumbuka miaka ile ambayo Ukimwi ulijaza wodi na wagonjwa wakarejeshwa majumbani. Katika mitaa mingi ya miji yetu walipita wahudumu wa kujitolea, wengi wao wanawake wa kawaida, na mikoba yao yenye glavu, gozi, sabuni na dawa za maumivu. Walikuwa wamefunzwa. Walikuwa na muuguzi wa zahanati aliyewasimamia, na daftari walilolijaza kila walipotoka kwa mgonjwa. Hawakuwa wasomi wakubwa, lakini walijua la kufanya, walijua la kutofanya, na walijua wakati wa kuita gari. Mzee aliyepooza leo, au mwenye kisukari aliyekatwa mguu, au bibi aliyepotewa na kumbukumbu, anahitaji vitu hivyo hivyo vitatu.

Ndugu zetu kadhaa wa pwani wanaoishi Uingereza wanapata riziki kwa kazi hii, na nilipomsimulia mmoja wao habari ya mama, kwa muda alinyamaza, kisha akaniuliza, “Daftari lake linasemaje?” Sikumwelewa. Akanieleza kwamba England wakala yeyote anayepeleka wahudumu majumbani kutoa huduma za mwilini, kama kuogesha na kuvisha, ni lazima asajiliwe na tume ya ukaguzi iitwayo Care Quality Commission, iliyoanza kazi mwaka 2009, na kwamba wakaguzi hao huuliza maswali matano: huduma ni salama? Inaleta matokeo? Inatolewa kwa huruma? Inamfuata mgonjwa kwa mahitaji yake? Ina uongozi mzuri? Kila mgonjwa ana kumbukumbu zake, na kila anayeingia huandika alichokifanya na saa aliyokifanya. Nisieleweke kwamba huko ni peponi. Kulikuwa na malalamiko makubwa juu ya wahudumu wanaopewa robo saa kwa kila nyumba, mzee akachaguzwa kati ya kuogeshwa na kulishwa, hata taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ikaelekeza mwaka 2015 kwamba ziara isipungue nusu saa isipokuwa kwa sababu maalumu. Lakini lile swali la daftari liliniingia, na ndilo lililobadili nyumba yetu.

Ngozi, koo na kidonge

Muuguzi wa zahanati tuliyemwita kukisafisha kidonda alitufundisha mambo ambayo tulipaswa kuyajua siku ya kwanza, nami nayaandika hapa kama tulivyoyapokea.

Mfupa unapoikandamiza nyama juu ya godoro kwa saa kadhaa, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Mara nyingi huanzia ndani. Ndiyo maana kidonda cha kulalia huwa kipana chini kuliko mdomo wake. Mahali pa kuhofia ni pale mfupa ulipo karibu na ngozi: mfupa wa mkia, nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo. Vitabu vingi husema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo huweza usionekane kabisa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Tafuta badala yake sehemu iliyozidi kuwa nyeusi au iliyogeuka zambarau kuliko ngozi iliyo jirani, kisha iguse kwa mgongo wa mkono: je, ni ya moto kuliko pembeni, au ya baridi? Ni ngumu, au inabonyea? Mgonjwa anashtuka ukiigusa? Ukaguzi huo hauchukui dakika tano wakati wa kuogesha, na unahitaji mwanga. Chumba cha mama kilikuwa na taa moja hafifu kwa sababu tuliona mwanga mkali unamsumbua.

Kipimo kinachofundishwa kwa mgonjwa asiyejigeuza kitandani ni kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na akiwa na godoro zuri la upepo muuguzi anaweza kuelekeza muda mrefu zaidi. Hageuzwi kwa kulazwa ubavu mzima, kwa kuwa hapo uzito wote huangukia nyonga. Huegemezwa nusu, mto ukikaa nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti. Mto mwembamba huwekwa chini ya ndama za miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Na haburutwi. Ngozi ya mzee ni kama karatasi iliyoloa. Akivutwa kwenye shuka huchunika. Watu wawili hukunja shuka la katikati kila mmoja upande wake, wakamnyanyua kwa pamoja.

Nasi tulikuwa na makosa yetu ya nia njema. Dada alikuwa akipakanda kwa mafuta ya habat sauda pale alipopaona peusi, kumbe kupakanda mahali palipokwisha kuumia huzidi kuzichana nyama za ndani. Shangazi alileta mpira wa duara wa kukalia, ule wenye tundu katikati, kumbe mpira huo huibana damu pande zote za pale panapotakiwa kupona. Jirani mmoja, Allah amlipe kwa nia yake, alishauri tufungue vidonge vya rangi mbili tunyunyizie unga wake. Muuguzi aliyakataa yote hayo, pamoja na spiriti na majivu. Alitaka maji safi ya chumvi, gozi safi, mikono iliyooshwa kwa sabuni kabla na baada, mayai, samaki na maharage kwa wingi, na mgongo usioguswa na godoro.

La pili lilikuwa koo. Kiharusi hakipoozi mkono na mguu peke yake. Mara nyingi hupooza na kumeza. Maji tunayoyaona mepesi ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa hukimbia haraka kuliko koo linavyoweza kujifunga, yakaingia njia ya hewa. Mgonjwa hukohoa anapokunywa, au sauti yake hugeuka ya majimaji baada ya kumeza, au hakohoi kabisa na siku chache baadaye akapata homa ya mapafu ambayo familia huiita baridi. Mama alikuwa akinyweshwa maji ya kikombe akiwa amelala na kichwa kimeinuliwa kwa mkono, na kila alipokohoa tuliambizana kwamba amepaliwa. Mgonjwa wa namna hii huketishwa wima, kidevu kikiinama kidogo. Hupewa kijiko kidogo kidogo, cha uji mzito kuliko mwepesi, kwa kadiri atakavyoelekeza mtaalamu aliyempima, na hapewi kijiko cha pili mpaka cha kwanza kimeonekana kushuka. Shavu la upande uliopooza hukaguliwa kwa sababu chakula hujificha humo. Baada ya kula hubaki ameketi nusu saa. Kulisha hivyo huchukua muda, pengine dakika arobaini kwa bakuli moja, na binti aliyeacha wali jikoni hana dakika hizo.

La tatu ni dawa, na hapa nitasimulia jambo moja tu. Dada alikuwa akimpa mama vidonge vya presha alfajiri kabla ya kwenda kazini. Binti, aliyeelekezwa na wakala kwamba dawa ni jukumu lake, alimpa tena saa nne asubuhi. Jambo hilo liliendelea kwa siku tusizozijua, mpaka asubuhi moja mama alipolegea wakati wa kuketishwa na kipimo cha presha kikasoma namba ambayo muuguzi hakuiamini mpaka alipoirudia. Wote wawili walikuwa na nia njema na wote wawili walifuata maelekezo. Kilichokosekana ni karatasi moja ukutani yenye jina la dawa, saa ya kuitoa, na sahihi ya aliyeitoa.

Kwa mgonjwa wa kisukari kosa la namna hiyo huweza kuua haraka zaidi. Ziko dawa za kushusha sukari, glibenklamidi ikiwa mojawapo, ambazo kwa wazee huendelea kushusha kwa saa nyingi hata kama mgonjwa hakula. Mzee akikataa chakula cha mchana, au akang'ang'ania kufunga Ramadhani pamoja na familia na sisi tukaona haya kumzuia, kisha akapewa kidonge chake kama kawaida, jioni atakutwa amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyopangika, na watu watasema ni uzee. Aliye mgonjwa amepewa ruhusa yake katika Surat al-Baqara, na ratiba ya dawa za Ramadhani hupangwa na daktari kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa daku. Jambo jingine dogo: vidonge vingine havipondwi. Vimetengenezwa viyeyuke polepole tumboni, na ukivisaga ukavitia kwenye uji umempa mgonjwa dozi ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Aulizwe mfamasia.

Mengine nayapitia kwa haraka kwa kuwa yanaonekana kwa macho ya kila mtu akiamua kuyaona. Mfuko wa mpira wa mkojo hukaa chini ya usawa wa kibofu na hauburuzwi sakafuni. Pampasi iliyolowa haisubiri asubuhi. Mzee anayetembea huangukia chooni, usiku, kwenye sakafu yenye maji, akishika ukuta usio na kitu cha kushika. Fundi wa kawaida huweza kufunga mabomba mawili ya kushikia kwa asubuhi moja. Mkeka unaoteleza ukunjwe.

Sitara ya mgonjwa

Tulizoea kudhani kwamba usalama ni jambo la mwili peke yake. Siku moja ndugu yetu aliyeko mbali aliomba kumwona mama, na kijana mmoja wa nyumbani akampiga picha akiwa amefunguliwa kwa kusafishwa kidonda, akaituma kwenye kundi la ukoo lenye watu zaidi ya sitini. Alikusudia waombe dua. Mama, ambaye katika maisha yake hakuwahi kutoka hadi barazani bila ya mtandio, alionekana mgongo na mapaja na wakwe zake. Picha ilifutwa, lakini nani anajua imebaki kwenye simu ngapi?

Kwa hiyo katika masharti tuliyoyaandika baadaye, la kwanza lilikuwa kwamba simu haiingii chumbani wakati wa kuogesha na kusafisha. La pili, mwanamke huhudumiwa na mwanamke na mwanamume na mwanamume. Na panapokosekana, wanachuoni wetu wameeleza kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, hufunuliwa panapohitajika na kwa muda unaohitajika tu. Nawajua watoto wa kiume walioacha mama zao wamelowa tangu adhuhuri mpaka magharibi wakisubiri dada arejee kazini, kwa kuona haya. Waende wakamuulize sheikh wao badala ya kujifutu wenyewe. La tatu, mlango hubishwa hodi hata kama mgonjwa hawezi kuitikia.

Na ibada yake. Binti aliyeswali kwa wakati hakujua kwamba mama naye bado anaidai swala yake. Kwa kuwa haongei, sote tulimhesabu kama ameondolewa wajibu, mpaka dada alipoona midomo yake ikitikisika adhana iliposomwa. Tukaweka chombo cha udongo safi karibu na kitanda kwa ajili ya tayammum, kitanda kikageuzwa kuelekea kibla, na anayehudumu akapangiwa kumsafisha kabla ya nyakati za swala. Mwenye mpira wa mkojo ana hukumu yake, nayo si nzito, aulizwe mwanachuoni. Hakuna mkaguzi wa nchi yoyote atakayeuliza swali hilo kwa niaba yetu.

Na yule anayekesha

Siku tulipokiona kidonda, neno la kwanza lililotoka katika kikao cha familia lilikuwa kumfukuza binti. Kaka yetu mkubwa alikuwa amekwisha kumpigia simu wakala. Dada ndiye aliyezuia, kwa hesabu ya kawaida tu. Alisema: mgonjwa hugeuzwa kila saa mbili. Kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, huyu ataamka mara ngapi? Na asubuhi anapika chai ya nani? Na nguo za nani zile kwenye kamba?

Zilikuwa zetu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Binti wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011, ulitungwa kwa ajili ya watu kama yeye. Sisi tulikuwa tukimfanyisha kazi mchana na usiku kwa siku saba, analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, kisha tunashangaa kwamba mambo yanamponyoka. Tunahuzunika, na tuna haki ya kuhuzunika, tunaposikia mabinti zetu waliokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba wanavyonyimwa usingizi na siku ya mapumziko katika nyumba za watu. Yule wa mkekani naye ana mama yake kijijini.

Mhudumu aliyechoka ni hatari kwa mgonjwa, hata akiwa na cheti. Atamwangusha, atasahau kidonge, na siku moja mkono wake utamponyoka kwa hasira. Tena yeye mwenyewe hana kinga: ananyanyua mwili mzito kuliko wake kwa mgongo uliopinda, anashika damu na choo kwa mikono mitupu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechanjwa homa ya ini. Glavu tulikuwa tukizinunua pale tu muuguzi anapokuja.

Tukajipanga upya. Usiku uligawanywa: saa tatu hadi saa nane alikuwa mmoja wetu, wanaume wakiwemo, na kuanzia saa nane alikuwa binti, ambaye sasa alilala kitandani katika chumba chake. Jumapili ilikuwa yake. Kupika na kufua kukaondolewa kwake. Mshahara ukaongezwa na ukalipwa tarehe moja kila mwezi. Sote tunaijua hadithi ya jasho la mfanyakazi, na sote tulikuwa tukichelewesha. Muuguzi wa zahanati alikubali kupita mara moja kila wiki mbili kwa malipo, akamkagua mama kuanzia kisogo hadi kisigino na kumfundisha yeyote aliyekuwepo. Kaka mkubwa, aliyekuwa akituma fedha kwa simu na kuona amemaliza, alipewa kazi ya msimamizi: yeye ndiye wa kulisoma daftari kila Ijumaa na kuuliza.

Daftari lenyewe lilikuwa kauntabuku ya kawaida. Dada aliipiga mistari: saa, upande aliogeuziwa, alichokula na kunywa, dawa, choo na mkojo, ngozi, jina la aliyeandika. Wiki ya kwanza wanaume tulijaza kwa uvivu, na wengine walijaza saa tatu zote kwa mkupuo mmoja asubuhi, jambo ambalo binti alilitambua kwa wino na akatusema. Tulistahili.

Na kama ningeajiri mhudumu leo? Ningeuliza alipojifunza na kwa nani, ningempigia simu mwenye nyumba aliyotoka, na kama amejiita muuguzi ningeomba kuiona leseni. Halafu ningelala kitandani na kumwambia: mimi nimepooza upande wa kulia, nigeuze. Dakika mbili hizo hueleza mengi kuliko karatasi. Akiwa hajui lakini anataka kujua, ningemwajiri, na ningemlipia siku chache za kujifunza chini ya muuguzi kabla hajakabidhiwa mtu.

Kidonda cha mama kilifunga katika mwezi wa saba. Aliishi miezi tisa zaidi baada ya hapo, na ngozi yake haikufunguka tena. Allah amrehemu. Ukurasa wa mwisho wa kauntabuku ya tatu una mistari miwili kwa mwandiko wa binti: saa tisa usiku, amegeuzwa kushoto, ngozi nzuri, saa kumi na moja alfajiri, amegeuzwa kulia, ametiwa maji midomoni. Adhana ilipomalizika mama alikuwa amefariki.

Binti yule sasa anamhudumia mzee mwingine, katika familia iliyompata kwetu. Baba wa nyumba ile alinipigia simu baada ya wiki moja, anashangaa kidogo. Aliniambia kwamba walipomuuliza anataka mshahara kiasi gani, alijibu kwamba hilo watazungumza, lakini kwanza wanunue kauntabuku na taa ya chumbani yenye mwanga mkali.